Wiki moja Nyeri nikitafuta mtaro wa shosho

Siku ya 1, Jumatatu. Nairobi hadi Karatina

Shosho (nyanya) yangu ana miaka 80 na kitu, hiyo kitu hata yeye haijui vizuri kwa sababu mwaka waliandikiwa tu na chifu wakati wa vipande, na kuhusu imajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni wakati wa Mau Mau, amewahi kuniambia neno moja tu maisha yangu yote. "Tulichimba." Ukimuuliza mlichimba nini anasema mtaro. Ukimuuliza mtaro gani, wapi, nani aliwaambia mchimbe, anageuka na kukuuliza kama umekula. Nimekula chakula kingi sana kwa huyo mama kwa sababu ya hilo swali.

Juzi nikiwa nasoma mambo mengine kabisa nikakutana na huo mtaro. Kumbe haukuwa mtaro wa maji ya mvua. Wakati wa vita ya Mau Mau Waingereza walichimbisha mtaro wa maili 50, yaani kilomita kama 80, kando ya msitu wa Mlima Kenya, kina futi 10 na upana futi 16, ndani wakasimamisha mianzi iliyochongwa na kutandaza seng'enge, ili walioko msituni wasishuke kutafuta chakula na walioko vijijini wasipande kuwapelekea. Waliochimba ni wanavijiji wenyewe, wengi wao wanawake, kwa jembe na karai, bila kulipwa. Shosho alikuwa msichana wa miaka 15 au 16 hivi. Nikasema likizo yangu ya Julai siendi pwani, naenda kutafuta hiyo shimo.

Asubuhi nilipita kwanza Kimathi Street nikamwangalia Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, bunduki mkono mmoja, kisu mkono mwingine. Sanamu ilizinduliwa 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe gereza la Kamiti. Vijana wanaegemea hapo wakingojea watu wao na sidhani wengi wanajua kwamba hadi 2003 Mau Mau ilikuwa bado kundi haramu kisheria, marufuku ya mkoloni ya 1950, Kenyatta akaiacha hivyo, Moi akaiacha hivyo, mpaka serikali ya Kibaki ndiyo ikaiondoa. Yaani miaka 40 ya uhuru tunaimba walimwaga damu na wenyewe wakikutana kama chama wanavunja sheria.

Kwa matatu nimekaa na baba mmoja mnene ambaye baada ya kujua naenda wapi akanipa ile ya Mzungu Aende Ulaya Mwafrika Apate Uhuru. Hii tumelelewa nayo sote, ni tamu, lakini ilitengenezwa baadaye ili herufi zipate maana. Wenyewe walijiita watu wa Ithaka na Wiyathi, ardhi na uhuru. Sikumwambia, alikuwa ananipatia ndizi.

Karatina nimefika saa nane, baridi ile ya Julai ya kuingia mpaka kwa soksi. Binamu yangu amenipokea steji na tukapita sokoni. Hapa Karatina wakati wa vita ya pili ya dunia serikali iliweka kiwanda cha kukausha mboga za wanajeshi, wakulima wakapanda kwa nguvu zote, vita ikaisha, kiwanda kikafungwa, watu wakabaki na mboga na hasira. Ukitaka kujua ni nini iliwasukuma watu kula kiapo cha Mau Mau, anza na vitu vidogo kama hivi kabla uende kwa mambo makubwa ya mashamba ya wazungu.

Siku ya 2, Jumanne. Upande wa Hombe

Tumepanda boda watatu (samahani askari wa trafiki) hadi karibu na msitu. Ukungu mpaka kwa meno. Mpango wangu ulikuwa kwamba nikifika ukingo wa msitu nitaona mtaro, kilomita 80 si kitu cha kujificha. Na kweli nikaona mtaro! Mrefu, wa kina, na waya wa umeme pembeni. Nikaanza kupiga picha kama mtalii, nikapiga kama 30, hata selfi nikapiga, mpaka mzee mmoja aliyekuwa anachunga ng'ombe wake watatu akanikaribia polepole akaniuliza ninapigia nini picha mtaro wa ndovu.

Ni wa ndovu. Umechimbwa juzi juzi ili ndovu wasiingie kwa viazi vya watu. Binamu alicheka mpaka akakaa chini.

Huyo mzee ndiye nilikuwa namtafuta lakini wakati huo sikujua. Nikamsalimia vizuri, nikamwita guka, nikamweleza natafuta ule mwingine, wa majoni. (Majoni ni askari wa Kiingereza, Johnny, huku juu hadi Nanyuki bado wanaitwa hivyo.) Akasema upo, lakini chini kidogo, umejaa, watu wamelima. Kisha akaniuliza swali la huku kwetu, wewe ni wa nani. Nikamtajia guka wangu, baba ya baba, aliyekufa nikiwa darasa la pili. Akaniangalia kidogo, akawaangalia ng'ombe, akasema huyu mweusi anasumbua sana, na kuanzia hapo tukaongea ng'ombe tu.

Hata hiyo ng'ombe lakini ilikuwa na historia. Yeye alikuwa na miaka kama 10, alikuwa anachunga. Anasema wakati wa imajensi jioni ng'ombe wote wa kijiji walikuwa wanapelekwa boma moja karibu na posti ya homugadi, wale walinzi wenyeji wa upande wa serikali, asubuhi unaenda kuchukua wako, na ukikuta mmoja hayupo hauulizi. Ukanda wa maili moja kando ya msitu ulikuwa marufuku, ukionekana hapo unapigwa risasi bila kuulizwa kitu, na ndani ya msitu ni vivyo hivyo. Mahindi na ndizi zilizokuwa karibu na msitu zilifyekwa. Njaa ilikuwa silaha kama bunduki, na kwa maoni yangu ilifanya kazi kuliko mabomu yote yaliyoangushwa na zile ndege za Lincoln.

Akanionyesha pia ng'ambo ya bonde mahali kijiji chao kilikuwa. Hapa lazima nieleze kwa sababu vijana wengi wa hapa hapa hawajui: sisi watu wa mlima hatukuwa tunaishi vijijini. Kila mtu alikuwa na boma lake kwa shamba lake, kwa tuta lake. Juni 1954 serikali ikaamua watu wote wa Kikuyu, Embu na Meru wakusanywe, na ndani ya mwaka mmoja na kitu zaidi ya watu milioni moja wakawa wamehamishwa kwa nguvu na kuwekwa kwa vijiji zaidi ya 800, nyumba zimebanana mistari, mtaro na seng'enge kuzunguka, mlango mmoja, mnara wa askari, kafyu. Nyumba zao za zamani zikachomwa. Neno icagi, yaani hivyo vijiji, ukilisema mbele ya wazee wa kike wa hapa uso unabadilika. Ndani ya hizo icagi waume hawakuwepo, watoto walikuwa wanakufa kwa njaa na magonjwa, na asubuhi filimbi ikilia mnaenda gitati, kazi ya lazima. Mtaro ndio ilikuwa gitati ya huku.

Tukaagana. Akasema nikitaka kuuona nirudi siku ambayo hakuna ukungu. Binamu njiani akaniambia "huyo mzee amejua kitu kuhusu wewe."

Siku ya 3, Jumatano. Nyeri mjini

Mji wa Nyeri una kaburi la Baden-Powell wa skauti na watalii wanaonyeshwa hilo kwanza. Sawa. Mimi nilienda kwa ule mnara wa mawe ulioko katikati ya mji, wa kuwakumbuka watu wa kabila la Kikuyu waliokufa wakipigania uhuru 1951 hadi 1957. Nimesimama hapo nikifikiria hayo maneno. Mwenye kuandika alikuwa mjanja ama alikuwa amechoka, maana kila familia ya huku inaweza kusoma na kumweka mtu wao hapo, na nyingi zina watu wa pande zote mbili.

Kisha Ruring'u. Makumbusho ya Nyeri iko ndani ya jengo la mahakama ya zamani ya wenyeji, ya miaka ya 1920, ndogo, paa la kale, ukipita kwa haraka hauioni. Karibu na hapo ni uwanja wa Ruring'u na hii ndiyo hadithi ambayo shuleni hatukuambiwa. Tunafundishwa kwamba Kimathi akanyongwa 1957, vita ikaisha, hali ya hatari ikaondolewa Januari 1960, bendera ikapandishwa usiku wa 12 Desemba 1963. Lakini kulikuwa na watu bado msituni siku hiyo ya bendera! Hawakuwa wamewahi kushikwa wala kujisalimisha. Walianza kutoka Desemba hiyo hiyo, na Ruring'u ilikuwa mahali pao pa kutokea, nywele mpaka mgongoni, nguo za ngozi, bunduki zingine za kujitengenezea kwa paipu ya maji na komeo la mlango na mpira wa tairi ya baiskeli. Fikiria wewe ni mtoto umeenda kuona sherehe na hao wanatokea.

Upande wa Meru alitoka Field Marshal Musa Mwariama ambaye hakuwahi kushikwa, kuna picha yake na Kenyatta, wameshikana mikono, na ukiangalia nyuso unaona wawili ambao hawana uhakika nani anamkaribisha nani. Mwenzake wa huko huko Meru, General Baimungi, alirudi msituni baada ya kuona ardhi haigawanywi, akauawa na serikali ya Kenya huru 1965. Huyo hana barabara kubwa mjini.

Na alitoka Muthoni wa Kirima, mwanamke wa pekee aliyefika cheo cha field marshal. Alianza kama wanawake wengine, kubeba chakula na habari, akaishia kukaa msituni miaka yote hiyo hadi uhuru. Kimathi alimwita Thonjo, yule ndege mnana anayesuka viota, kwa vile alivyojua kupanga mambo. Nywele zake hakuzikata mpaka Aprili 2022, akanyolewa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu, na mwaka uliofuata, Septemba 2023, akafa akiwa na miaka 92. Wakati ule watu mtandaoni walicheka zile nywele, wengine wakasema ni siasa tu za uchaguzi, labda ilikuwa, lakini mama mwenye kibanda cha chai hapa Ruring'u ameniambia yeye alilia siku hiyo na hajui kwa nini, hakuwa hata amewahi kuongea naye.

Jioni tumepita nje ya njia ya kwenda Treetops. Dunia inajua Treetops kwa sababu Elizabeth alilala hapo juu ya mti Februari 1952 akiwa binti mfalme na babake akafa usiku huo, akashuka malkia. Sehemu ya pili inasemwa kwa sauti ya chini: 1954 Mau Mau waliichoma, mti na hoteli. Ile ya leo si ile.

Miguu inauma.

Siku ya 4, Alhamisi. Tetu

Leo tumeenda kwa kina Kimathi. Alizaliwa Thenge huku Tetu, 31 Oktoba 1920, akasoma Karuna-ini kisha Tumutumu, na watu wanapenda kumchora kama mtu wa bunduki tu lakini mtu huyu alikuwa mwalimu na karani, mtu wa midahalo na kuandika. Msituni aliandika barua bila kuchoka, kwa wenzake, kwa serikali, hata kwa magazeti, na mashimo ya miti mikubwa ya mugumo yakawa posta. Februari 1954 wakaunda bunge lao huko Aberdare wakaliita Kenya Parliament. Bunge, kwenye mvua, chini ya mianzi, na kumbukumbu za kikao zikaandikwa.

Hapo ndipo ugomvi wake na Stanley Mathenge unaingia, na ukiwa Nyeri usikose kuulizia Mathenge kwa sababu kila mtu ana lake. Mathenge wa Mirugi alikuwa mtu wa Mahiga, Othaya, mwanajeshi wa zamani, hakuwa mtu wa kusoma, na hao wasiosoma walimpenda yeye. Hawakutaka mambo ya vyeo na daftari, wakajitenga wakaunda kundi lao, Riigi. Yaani ndani ya msitu, wakiwindwa na jeshi, wakala mizizi, watu bado wakagombana kuhusu nani amesoma na nani hajasoma. Hiyo naielewa kabisa, nimekaa kwa kamati za harusi.

Mathenge akapotea kama 1955. Ilisemekana alitembea kwa mguu hadi Ethiopia. Mwaka wa 2003 akaletwa mzee kutoka Ethiopia kwa ndege, Ato Lemma Ayanu, akapokelewa kama shujaa, shida ni kwamba hakujua Kikuyu hata cha salamu. Watu wakasema amesahau. DNA ikasema si yeye. Jamaa wa boda aliyetupeleka leo, kijana wa miaka 25, anaamini mpaka sasa ni vipimo vilibadilishwa. Nikamuuliza na Kikuyu je? Akasema "wewe ukikaa Uarabuni miaka 2 unarudi ukiongea kwa pua, sembuse huyo miaka 50."

Mchana tulikuwa Kahigaini, mahali Kimathi alipigwa risasi alfajiri ya 21 Oktoba 1956, siku moja baada ya hali ya hatari kutimiza miaka 4. Ni mahali pa kimya, majani chai, kijani kibichi kinachoumiza macho. Aliyempiga hakuwa Mzungu. Alikuwa Ndirangu Mau, askari wa kabila, mtu wa huku huku. Risasi ya paja. Picha iliyozunguka dunia ni ile amelazwa chini amefungwa pingu na koti lake la ngozi ya chui, macho wazi. Wakamtibu ili wamshtaki, wakamshtaki Nyeri Novemba, kosa la kuwa na bastola, Jaji Mkuu O'Connor akasoma hukumu, Februari wakamnyonga. Watu 1,090 walinyongwa katika vita hiyo. Kaburi lake halijulikani hadi leo, mkewe Mukami alilitafuta mpaka akafa Mei 2023 bila kulipata.

Mama mmoja aliyekuwa anachuma chai ametuuliza kama sisi ni wa serikali. Tukasema hapana. Akasema basi karibuni.

Siku ya 5, Ijumaa. Nyumbani, mvua

Hatukutoka. Mvua ya rasharasha kutwa nzima, moto, nduma, chai.

Lakini ankol (baba wa binamu) alikuwa nyumbani na baada ya chai ya tatu nikamuuliza kile kitu kilikuwa kinaniwasha tangu Jumanne. Guka alikuwa wapi wakati huo? Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Akasema "alikuwa hapa." Nikasema hapa wapi, wanaume wote walikuwa kambi za kizuizini, Manyani na Mackinnon Road, ama msituni. Akasema "si wote."

Akabadilisha, akaanza kueleza dimakesheni, kule kupimwa upya kwa mashamba. Nilidhani ananikwepa, sasa naona alikuwa ananijibu. Kwa kifupi: watu wakiwa kizuizini, serikali ikaamua kukusanya vipande vya mashamba na kutoa hati, ule mpango wa Swynnerton wa 1954. Wazo si baya kwa karatasi, mtu ana vipande sita kwa matuta sita, unampa kimoja. Lakini waliokaa kwa kamati ya kupima ni nani? Waliokuwepo. Na waliokuwepo walikuwa machifu, wazee wa serikali na homugadi, hao tunaita ngati. Wengine walitoka kambini 1957, 1958 wakakuta shamba limeenda bondeni kwenye mawe ama limeenda kabisa. Na ili kupiga kura 1957 ulihitaji cheti kwamba wewe ni mtiifu. Kwa hiyo uhuru ulipokuja, mwenye hati, mwenye watoto shuleni na mwenye kura alikuwa mara nyingi yule yule mmoja.

"Hili shamba letu," nikasema, "ni zuri sana. Halina mawe."

Ankol akasema mvua ikiendelea hivi viazi vitaoza.

Siku ya 6, Jumamosi. Mweru

Tumeenda Mukurwe-ini kwa sababu ya kaka yake shosho. Huyu alikamatwa Nairobi kwenye ile Operation Anvil ya 24 Aprili 1954, mji ukafungwa, watu wetu wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya gakunia, mtu aliyevikwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akitingisha kichwa umekwisha. Wa kwetu kilitingishwa. Akaenda Lang'ata, akaenda Manyani, na mwishowe akaletwa Mweru.

Waliita huo mfumo paipu. Ukiingia unapimwa, mweusi ni sugu, kijivu ni nusu nusu, mweupe ni safi, na jinsi unavyokiri kiapo ndivyo unavyosogezwa kambi hadi kambi kuelekea nyumbani. Kambi za kazi za Nyeri zilikuwa mdomo wa paipu. Unasikia jogoo wa kwenu na bado uko ndani. Leo kambi ya Mweru ni Mweru High School, na ile ya Aguthi ni Kangubiri Girls. Hatukuingia, wanafunzi walikuwa na mtihani, tukasimama tu barabarani. Kelele za kengele, sweta, mvulana amechelewa anakimbia na viatu mkononi. Sijui nilitarajia nini.

Kitu kingine ambacho watu hupita bila kujua: mashamba ya mpunga ya Mwea yalianzishwa kwa kazi ya mahabusu hao. Na uwanja wa ndege wa Embakasi pia. Kwa hiyo pishori ya Krismasi na ndege ya kwenda Dubai, hao wazee wamo.

Kaka ya shosho alitoka 1958. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Hola, ambako 3 Machi 1959 walipigwa mpaka 11 wakafa na serikali ikasema wamekufa kwa kunywa maji mabaya. Wambugu wa Nyingi alipigwa hapo akazimia, wakamlaza pamoja na maiti, akaamka kati yao. Huyo ni mmoja wa wale walioshtaki serikali ya Uingereza London, na Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kaka ya shosho hakuwa kwa orodha, alikuwa amekufa zamani. Hata kwa mtaro hakuna orodha, nani aliandika majina ya wasichana wenye majembe?

Usiku sikulala vizuri.

Siku ya 7, Jumapili. Hombe tena

Jua! Mlima wenyewe ulionekana saa moja asubuhi, wote, theluji kidogo ile imebaki. Binamu alienda kanisani kwa hiyo nilienda peke yangu na kilo mbili za sukari na majani.

Mzee alikuwa pale pale na ng'ombe wale wale. Alichukua sukari bila kusema mengi, akamwita mjukuu aangalie ng'ombe, tukashuka. Dakika kama 20. Tukapita kwa kabeji za mtu, tukaruka kijito, tukafika mahali ardhi imelala vibaya, kama kitanda kilichobonyea katikati. Ukisimama ndani inakufika kiunoni, mahali pengine kifuani. Pana. Ndani kumepandwa nduma, majani makubwa yanang'aa, kwa sababu maji hukaa. Ukifuata kwa macho unaona mstari unaenda, unapotea kwa kahawa, unatokea tena ng'ambo. Huo ndio. Sikupiga picha mara moja, nilikaa tu kwa ukingo nikiwa nimeshika simu.

Yeye akabaki amesimama. Akasema kwamba hapa, sehemu hii, walikuwa wanachimba wa kijiji chao. Kila mmoja anapimiwa kipande kwa kijiti, usipomaliza kipande chako huendi nyumbani, na ukichelewa kafyu inakukuta njiani. Udongo wa chini ulikuwa unapandishwa kwa kichwa. Yeye akiwa mtoto alikuwa akileta maji akiruhusiwa.

Kisha akasema, bila mimi kuuliza, "Shosho yako alikuwa huko chini, ulipo. Guka yako alikuwa hapa juu, nilipo. Amekaa kwa kiti, na bunduki hapa." Akapiga paja. "Walioana baada ya imajensi kupungua. 1958. Watu walishangaa. Wengine hawakuenda arusi."

Nikasema kaka yake shosho alitoka kambini mwaka huo huo.

"Huyo ndiye hakuenda," akasema.

Nilitaka kumuuliza kama guka alikuwa anapiga watu. Swali lilifika kwa meno. Badala yake nikauliza kama nduma za hapa zinaiva haraka akasema zinaiva, ni udongo mzuri, ulichimbuliwa sana. Sikujua kama ni mzaha. Aliniambia nichimbe moja nibebe, nikachimba kwa mkono.

Nikiwa kwa matatu ya kurudi, tumepita Sagana, simu iko na chaji asilimia 9, nikampigia shosho. Nikamwambia nimeuona. Akanyamaza. Akauliza kama bado kuna maji. Nikasema yapo, wamepanda nduma. Akasema "ee, maji yalikuwa mengi, tulikuwa tunasimama ndani." Hiyo ni sentensi ya pili maishani. Nikaona bora nimalize tu, nikamwambia nimekutana na mzee anayejua, na ameniambia guka alikuwa juu, amekaa kwa kiti.

Matatu ilikuwa na kelele nikadhani imekatika.

"Mwambie huyo mzee," akasema, "hakukuwa na kiti. Alikuwa anasimama kutwa nzima kama sisi." Halafu, "Umekula?"

Nikamwambia nina nduma kwa mkoba.

"Ya huko?"

Ya huko.

"Ilete," akasema, na chaji ikaisha.